Chuma Kisichoshika Kutu Kinapotoboka

Mpishi wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, akitia chumvi katika maji baridi ndani ya sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na kuiacha itulie chini bila kuikoroga, huenda baada ya muda akaona vidoa vidogo vilivyochimbika. Je, chuma hicho kimeshikwaje na kutu?

Chuma cha namna hii ni mchanganyiko wa chuma na kromi isiyopungua asilimia 10.5, aghalabu huongezwa nikeli. Kromi huungana na oksijeni na kufanya utando ambao unene wake ni sehemu chache tu za milioni za milimita. Ukikwaruzwa, utando huo hujiponya, mradi oksijeni ipo. Basi kinga ya chuma hiki ni utando wake.

Adui wa utando huo ni kloridi, iliyomo katika chumvi. Kloridi huutoboa mahali padogo. Ndani ya kishimo oksijeni huadimika, maji hugeuka kuwa asidi, na utando hushindwa kujiponya. Uso hubaki uking'aa, huku shimo likizidi kuzama.

Jikoni hasara ni ndogo, kiwandani sivyo. Tuchukue mfano wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985. Katika utengenezaji wa karatasi kwa njia ya sulfati, vipande vya mbao hupikwa katika hidroksidi ya sodiamu na sulfidi ya sodiamu, kwa joto la nyuzi 170 hivi za Selsiasi, ndani ya pipa lenye kanieneo kubwa. Dawa hizo husafishwa na kutumiwa tena, na kloridi itokayo katika mbao huweza kulimbikizana katika mzunguko huo. Zaidi ya hayo, majimaji hayo ya moto yaweza kupasua chuma palipo na mkazo, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Ufa usioonekana katika pipa la namna hiyo ni hatari kwa maisha ya wafanyakazi.

Kwa sababu hiyo wahandisi huchagua chuma kulingana na kazi yake. Molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 huongeza uwezo wa kukinza vishimo. Maungio nayo hupimwa mara kwa mara kwa mawimbi ya sauti.

Mwanafunzi na akumbuke: hakuna chuma kisichoshika kutu mahali pote. Kabla ya kukisifu, tuulize kwanza kitagusana na nini.