Kilindini, Mlango wa Bahari wa Mkulima wa Nakuru

Mkulima wa Njoro anunuapo gunia la mbolea katika duka la Nakuru, aghalabu hafikirii safari yake zaidi ya lori lililolileta. Lakini mbolea nyingi huingia nchini kwa gati la Kilindini, Mombasa, na meli ikikawia kushusha shehena, gharama yake humfuata mpaka shambani. Kwa hiyo yatufaa sisi watu wa bara kujua jinsi mlango huo ulivyofunguliwa.

Bandari ya kale ya Mombasa ilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa, chini ya Mji wa Kale. Huko majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliingia kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, akaandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao waliletewa kutoka pwani ya bara. Tazama basi, ndugu msomaji: tangu zama zile mji ule ulilishwa na jembe la mtu mwingine!

Wengi waliutamani. Wareno waliuteketeza mwaka 1505, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Vita hivyo vyote viligombea biashara ya majahazi. Bara ilijulikana kwa misafara ya pembe tu.

Reli ndiyo iliyougeuza mji uso. Ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vyuma na injini zake zililetwa na meli kubwa, nazo zilihitaji maji mengi kuliko yale ya bandari ya kale. Maji hayo yalikuwapo upande wa magharibi, na jina lenyewe latueleza, kwa kuwa Kilindini latokana na kilindi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901. Hata hivyo, kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na ufuo, na mizigo ikashushwa kwa matishari, kazi ya polepole na ya kuchosha. Gati mbili za kwanza za maji marefu zilikamilika mwaka 1926. Wakati huo njia ya reli kutoka Nakuru ilikuwa imekwisha fika Eldoret, na mwaka 1931 ikafika Kampala.

Ndipo mahindi ya Bonde la Ufa yalipoteremka kwa wingi kwenda ng'ambo. Lakini tusijisifu bure: ardhi hii nzuri ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mwafrika alipalilia mahindi huku kwa ujira mdogo, na Mwafrika mwenzake akayabeba begani kule. Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, makuli wa bandari wakiwamo, waligoma kwa ajili ya mishahara duni na shida ya nyumba. Makuli waligoma tena mwaka 1955, na Tom Mboya akasaidia kuleta mapatano.

Baadaye yakaja makontena, masanduku makubwa ya chuma, na kreni moja ikafanya kazi ya mabega mengi. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2019 ikafika Suswa, na bandari ya nchi kavu ikajengwa karibu na Mai Mahiu, Naivasha, katika kaunti yetu hii ya Nakuru, hasa kwa shehena za Uganda na nchi jirani. Hapa wengi tulifurahi, tukitumaini kazi kwa vijana wetu. Kule Mombasa watu waliandamana, maana shehena ikipita moja kwa moja kwa reli, dereva wa lori hukaa bure, wakala wa forodha hufunga ofisi, na mama auzaye chakula kando ya barabara hukosa mteja. Tarehe 13 Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa.

Mimi mkazi wa Nakuru nilisikitika kidogo, sikatai. Kisha nikawakumbuka makuli wa 1947, nikaona kwamba Mombasa walikuwa wakidai kilekile tulichokitaka sisi.