Majaribio Pekee Hayatoshi

Programu ya kompyuta inayosimamia breki za treni au kipimo cha dawa hospitalini haifai kuaminiwa kwa sababu tu imejaribiwa mara nyingi bila kuleta shida. Majaribio hugusa hali chache miongoni mwa hali zisizohesabika. Chukua kazi ndogo ya kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kialfabeti. Kompyuta hutazama katikati, huacha nusu isiyohusika, kisha hurudia, kama mtu apekuaye kamusi. Ili kupata katikati, hujumlisha namba ya nafasi ya mwanzo na ya mwisho, halafu hugawanya kwa mbili. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika programu hiyo kwa ajili ya lugha ya Java, alitangaza kwamba ilikuwa na kasoro iliyojificha kwa takriban miaka tisa. Namba nzima za kawaida za Java hukomea 2,147,483,647. Orodha ikizidi vitu bilioni moja hivi, jumla ile huweza kuvuka kikomo na kugeuka hasi, na programu hukwama.

Mbinu hiyo ilikuwa imewahi kuthibitishwa kwa hoja za karatasini, lakini hoja hizo zilichukulia kuwa namba hazina kikomo, na wasomaji hawakushtuka. Ndiyo maana watafiti hutumia programu kama Coq, ambamo kila hatua ya hoja sharti ikubaliwe na kanuni ya mantiki, na kompyuta huikagua bila kuchoka. Kwa njia hiyo Xavier Leroy na wenzake nchini Ufaransa waliunda CompCert, kompaila inayogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa amri za mashine. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi walivyozilisha kompaila mbalimbali programu zilizotungwa kwa nasibu, wakafichua kasoro zaidi ya 325. Zile walizozikuta katika CompCert zilikuwa kwenye sehemu ambazo hazikuwa zimethibitishwa.

Wapo wanaosema gharama ni kubwa mno, na hawakosei. seL4, kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa Australia mwaka 2009, kina mistari 8,700 hivi ya C, lakini uthibitisho wake ulifikia mistari 200,000. Hakuna haja ya kuufanyia hivyo mchezo wa simu; panapohusika uhai wa watu, gharama hiyo ni halali. Wengine huuliza: je, kama maelezo ya kazi yenyewe yamekosewa? Hapo programu itatimiza kosa kwa ukamilifu, na kwa hiyo majaribio bado yanahitajika. Hata hivyo, uthibitisho hulazimisha maelezo na dhana zote ziandikwe waziwazi, mahali ambapo mtu anaweza kuzihoji. Serikali na hospitali zinaponunua mifumo ya aina hii zina haki ya kudai zioneshwe kilichothibitishwa, na kwa masharti gani.