Tusiuzibe Mlango wa Ushahidi

Anayedai kwamba imani yake imesimama juu ya ukweli hana budi kujihadhari na tabia tatu: uvivu wa kuchunguza, ushabiki na kiburi. Mjadala kuhusu asili ya Kiswahili waonyesha madhara ya zote.

Mvivu husikia sita, saba na tisa, akakata shauri kwamba lugha hii ni Kiarabu kilichopotoka. Hajali kuwa moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, kama zilivyo ngeli na viambishi vya vitenzi. Msamiati hukopwa: Kiingereza kimekopa maelfu ya maneno ya Kifaransa, wala hakikuwa Kifaransa.

Shabiki naye, kwa kuutetea Uafrika wa lugha, hukana hata mikopo iliyo wazi, ilhali jina lenyewe la Kiswahili latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani.

Kiburi, kwa maoni yangu, ndicho kibaya zaidi, maana huziba njia ya kusahihishwa. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha utafiti mpana unaokiweka Kiswahili katika ukoo mmoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Hata hivyo, mwalimu amkaripiaye mwanafunzi aulizaye, "Ushahidi u wapi?" humfunza kukariri, si kufikiri.

Walimu wenzangu, kuiacha kauli iliyoshindwa na ushahidi si aibu. Aibu ni kuing'ang'ania mbele ya vijana wanaotuamini.