Tako la nyani au Anaconda: Harrier ipi itaivuka Buterere?

UKISIMAMA kando ya barabara ya Buterere asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, utajua upesi gari lipi lilinunuliwa kwa macho na lipi lilinunuliwa kwa akili. Eneo hili la kaskazini mwa Bujumbura, jirani na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, limekaa chini kwenye tambarare ya Imbo. Maji yanayotoka vilimani hushukia huku kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Usiku wa Februari 9 kuamkia 10, mwaka 2014, mafuriko yalipoyakumba maeneo ya kaskazini mwa jiji, Kamenge, Kinama na Buterere yakiwemo, watu zaidi ya 50 walipoteza maisha na nyumba nyingi zilianguka.

Huku ndiko baadhi ya ndugu zetu waliorudi kutoka Kigoma, Brussels au Montreal wanakojenga. Huku ndiko pia wanakopita wafanyabiashara wa Gatumba na Uvira. Na wengi wao, fedha zikishapatikana kidogo, hutaka gari la kubeba familia Jumapili na mzigo Jumatatu, gari lililoinuka kiasi, lakini lisilokunywa mafuta kama Land Cruiser. Ukiacha RAV4, ambayo kila fundi anaijua, jina linalotajwa sana ni Toyota Harrier.

Tatizo ni kwamba Harrier si gari moja. Ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1997. Ya pili ilitoka Februari 2003, na madalali wa Dar es Salaam wakaibatiza "tako la nyani" kwa sababu ya umbo la nyuma yake. Ya tatu ilifuata mwishoni mwa 2013, nayo wakaiita "Anaconda". Ya nne iliingia sokoni Juni 2020. Anayekuambia anauza "Harrier safi" bila kukutajia ni toleo lipi na injini gani, bado hajakuambia kitu.

Ya kwanza tusikae nayo sana. Ni gari imara kwa mwili, lakini hata ya mwisho kabisa imeshapita miaka 20. Injini zake mbili za mwanzo, ile ya silinda nne ya lita 2.2 na ile ya V6 ya lita 3.0, ni za ukoo ambao mwaka 2002 uliilazimu Toyota kutangaza huko Marekani mpango maalumu wa kuwasaidia wateja, kwa sababu oili ilikuwa ikiganda ndani ya injini. Aliyebadilisha oili kwa wakati hakupata shida. Je, unamjua aliyeliendesha gari hilo miaka 20 kabla yako? Hiyo V6 pia hutumia mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na muuzaji wa mtumba mara nyingi hana kumbukumbu ya lini ulibadilishwa.

Tako la nyani ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini, maana bei yake imeshuka hadi kufikiwa na mtu wa kawaida. Lilitoka na injini ya lita 2.4 ya silinda nne, ya V6 ya lita 3.0, na kuanzia 2006 V6 ya lita 3.5. Kwa mtu wa Buterere nasema bila kumung'unya maneno: achana na V6 zote mbili. Zina nguvu na zina raha, lakini tangu 2021 uhaba wa mafuta nchini umekuwa ukija na kuondoka, na mwaka 2024 ulikuwa mkali kiasi kwamba watu walilala kwenye foleni za vituo. Gari lenye kiu ni mzigo hata kama umelipewa bure.

Hii ya 2.4 ina cheni badala ya mkanda, na vipuri vyake vinapatikana kwa kuwa injini hiyohiyo ilifungwa kwenye RAV4, Kluger, Vanguard na Camry. Fundi wa Buyenzi ataifungua akiwa amefumba macho. Hata hivyo ina magonjwa yake mawili, na muuzaji hatakutajia hata moja. Zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea ndani ya bloku, maji ya radieta yakapotea kidogo kidogo hadi injini ikachemka. Zile zilizotoka kuanzia katikati ya muongo wa 2000 zilijulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni.

Dawa ya kuyagundua ni ndogo. Nenda kuliona gari alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha, na uguse boneti kwanza. Ikiwa ya moto, amekuwahi. Mwambie aliwashe, wewe simama nyuma. Moshi wa rangi ya samawati maana yake oili inaungua. Kisha lipandishe mlima wa Kiriri, dirisha likiwa wazi na macho kwenye geji ya joto, ukishuka lifungue uangalie chupa ya maji. Gari lenye bolti zilizolegea linaweza kuzunguka tambarare ya Buterere wiki nzima bila kulalamika. Mlima ndio unaolisemesha.

Jambo jingine la toleo hili, na la matoleo yote, ni kwamba Harrier nyingi zinavuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Wengi wanadhani kwa kuwa gari limeinuka basi ni la "fo-wili". Inama chini ya gari upande wa nyuma: kama huoni difu na shafti inayokwenda mbele, matope ya Buterere yatakufundisha mwezi wa Aprili. Kwenye zile zinazotumia umeme na petroli kwa pamoja, yaani haibridi, shafti hiyo haipo hata kwenye "fo-wili", kwa sababu magurudumu ya nyuma husukumwa na mota yake ya umeme.

Na haibridi ndiyo inayowavuruga watu kichwa siku hizi. Toyota iliitoa Harrier ya namna hiyo kwanza mwaka 2005, ikiwa na V6 ya lita 3.3, kisha kwenye Anaconda ikatumia injini ya lita 2.5. Kwenye toleo la 2020, vipimo vya Japani vinaonyesha kilomita 22.3 kwa lita moja kwa haibridi ya magurudumu mawili, dhidi ya 15.4 kwa ile ya petroli tupu ya lita 2.0. Vipimo vya maabara havijui mashimo yetu, kwa hiyo usitegemee kuzipata namba hizo hapa. Lakini tofauti kati ya mbili hizo ni ya kweli, na kwenye msongamano wa katikati ya jiji huzidi, kwa kuwa injini huzimika yenyewe gari likisimama. Kwa mtu anayehesabu kila lita, kishawishi ni kikubwa.

Sasa jiulize betri ile kubwa imekaa wapi. Iko chini ya kiti cha nyuma, karibu na sakafu, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Kwenye nyumba ambayo uwanja wake hujaa maji mvua ikizidi, hapo ndipo maji yanapofika kabla hayajafika kwenye injini. Gari la petroli likiingia maji hadi kwenye zulia, utalianika, utabadilisha oili, utaomba Mungu. Haibridi ikiingia maji kwenye betri na nyaya zake za volti nyingi, gharama yake yaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe, na mafundi wa kuigusa bila kuhatarisha maisha yao bado ni wachache. Vumbi la kiangazi nalo huziba njia ya hewa ya betri hiyo, na watoto huifunika kwa mabegi. Kwa hiyo anayeishi Buterere ya juu, penye ukuta na mfereji unaofanya kazi, anaweza kuifikiria. Anayeishi penye bonde aache, hata kama bei ni ya kutupwa. Pengine ndiyo sababu ni ya kutupwa.

Anaconda ya petroli ya lita 2.0 ipo katikati. Ni pana ndani, inatumia mafuta kwa adabu, na haina betri hiyo kubwa. Angalizo lake ni giaboksi, ambayo ni ya mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida na inataka oili yake maalumu. Fundi akikuwekea oili ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa "zote ni oili", atakuwa ameanza kuiua. Ile yenye tabo, iliyoongezwa mwaka 2017, ni ya watu wenye kituo cha mafuta nyumbani.

Kuhusu mafuta kuna jambo ambalo wauzaji hawalijui au hawalisemi. Uhaba ukizidi, wengi wetu hununua petroli ya madumu iliyovushwa mpakani. Humo mna maji, uchafu, na wakati mwingine mafuta ya taa. Injini ya 2.4 ya tako la nyani humeza mengi ya hayo, ikakohoa, ikaendelea. Injini ya toleo la 2020 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na uchafu mdogo tu unaharibu pampu na nozeli zake. Gari jipya zaidi linaweza kuwa ndilo dhaifu zaidi mbele ya dumu la lita 20.

Ile mpya kabisa ya toleo hilo ilianza kuuzwa Japani kwa yeni 2,990,000, takriban dola 28,000 kwa kiwango cha wakati huo, kabla ya meli, njia na ushuru. Ukizingatia pengo lililopo kati ya dola ya benki na dola ya mtaani, hesabu hiyo kila mtu aifanye nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna suala la usukani pia. Harrier za Japani zina usukani wa kulia, na Burundi tunaendesha upande wa kulia, kama Kongo na Rwanda. Mjini utazoea. Ila kwenye barabara ya Bugarama, nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa kinyonga, dereva wa usukani wa kulia haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya gari. Abiria wake ndiye anayegeuka macho, na si kila abiria anajua kukadiria mwendo. Kwa mfanyabiashara anayepita barabara hiyo kila wiki, hili lingepaswa kuwa juu kuliko rangi na rimu.

Wanaorudi kutoka Ulaya na Amerika wana njia ya kulikwepa. Ndugu wa tako la nyani ni Lexus RX, ambayo huko iliuzwa na usukani wa kushoto, ingawa nyingi ni V6. Na Harrier ya 2020 iliuzwa Marekani na Kanada kwa jina la Toyota Venza, usukani wa kushoto, haibridi pekee, hadi toleo la mwaka 2024.

Wenye familia kubwa waelewe kwamba Harrier ni ya watu watano, na bibi hawezi kukaa kwenye buti. Kluger na Vanguard zilipatikana na safu ya tatu ya viti.

Gari likinunuliwa Japani, dai karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 ni la kuridhisha. Herufi R au RA ina maana liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za dashibodi na zile zilizoandikwa kwenye cheti cha kufutwa usajili wa Japani. Kisha kuna safari ya Dar es Salaam hadi Kobero, zaidi ya kilomita 1,200, gari likiendeshwa na dereva wa kukodi chini ya namba za IT. Baadhi yao hupakia abiria na magunia njiani na kukimbiza gari usiku. Kubaliana naye kwa maandishi, orodhesha jeki, tairi la akiba na redio, piga picha. Na kabla ya kuteremka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi chini ya 800 ziwani, simamisha gari ujaribu breki. Pedi zilizotoka Dar zikiwa nusu hazifiki hapo zikiwa nusu.

Kwa aliyenunua gari lililokwishasajiliwa Kigoma au Mwanza: ushuru uliolipwa Tanzania kwa gari la mtumba la kigeni haukuondolei ushuru wa Burundi. Kwa anayerudi kuishi nyumbani baada ya kukaa ughaibuni, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inatoa msamaha kwa gari moja, kwa sharti kwamba uwe umelimiliki na kulitumia wewe mwenyewe huko kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku za safari. Lililonunuliwa mwezi mmoja kabla ya kupanda ndege halimo. Peleka risiti ya ununuzi, bima na usajili wa huko OBR, ukapate jibu la maandishi kabla kontena halijafungwa.