Mafuriko yakibomoa nyumba ya kupanga, nani abebe hasara?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MVUA zinapokuwa kubwa katika milima ya Ukaguru, wakazi wa Mamboya na wenzao wa mabondeni wilayani Kilosa huanza kuitazama mito kwa hofu. Hofu hiyo haikuzuka bure.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maji ya Mto Mkondoa yalivunja tuta lililoukinga mji wa Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi, wengi wao wakihifadhiwa katika mahema. Mafuriko hayo yaling'oa pia sehemu ya Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila na Magole, ambako maji yalibomoa nyumba na kukata mawasiliano katika barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma.

Maafa ya namna hiyo yanapotokea, macho ya wengi huelekezwa kwenye chakula, mahema na dawa. Maji yakishapungua, huibuka mgogoro mwingine usiozungumzwa sana: ule wa mwenye nyumba na mpangaji.

Mpangaji anakuwa amekwisha kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Mwenye nyumba naye amebakiwa na kuta mbili na bati zilizokunjamana. Kila mmoja anajiona ndiye aliyepoteza zaidi, na kila mmoja anamtazamia mwenzake amfidie.

Jibu la sheria halimpi ushindi mmoja wao moja kwa moja. Linaanza na swali moja: uharibifu umesababishwa na nini?

Sheria inavyosema

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa pango hata kama wahusika hawakuyaandika. Kifungu cha 88 kinahusu wajibu wa mwenye nyumba na kifungu cha 89 kinahusu wajibu wa mpangaji.

Kwa mujibu wa masharti hayo, mwenye nyumba anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi anapaswa kukikabidhi kikiwa kinafaa kwa makazi ya binadamu, na kuhakikisha kinaendelea kufaa kwa muda wote wa mkataba.

Aidha, pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi zenye wapangaji wa chumba kimoja kimoja, yeye ndiye mwenye jukumu la kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutakiwa kununua bati za nyumba nzima kwa sababu tu paa limevuja juu ya kitanda chake.

Mpangaji kwa upande wake anawajibika kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba na kuirejesha ikiwa katika hali aliyoipokea. Hata hivyo, sheria inamwondolea wajibu wa kutengeneza uharibifu wa aina tatu: uchakavu wa kawaida, moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine ambayo haikutokana na uzembe wake, wa wageni wake au wa watu aliowaajiri, na ghasia, radi, dhoruba, tetemeko la ardhi au janga jingine la asili.

Neno lenye uzito mkubwa hapo ni uzembe. Radi ikipiga na kuunguza nyumba, mpangaji hawajibiki. Lakini akiacha jiko la mkaa likiwaka ndani naye akaenda dukani, moto utakaozuka utamdai yeye. Hali kadhalika mgeni wake akivunja bomba, mwenye nyumba atamdai mpangaji, wala hatahangaika kumtafuta mgeni.

Kodi husimama

Sehemu ambayo wapangaji wengi hawaifahamu ni ile inayohusu kodi. Iwapo nyumba imeharibiwa na janga lisilotokana na uzembe wa mpangaji kiasi cha kutofaa kutumika, kodi husimama mpaka itakapotengenezwa na kufaa tena.

Kama ni sehemu tu iliyoharibika, kodi hupungua kwa kadiri ya uharibifu wenyewe. Aliyepanga vyumba viwili na kimoja kikaanguka hapaswi kulipa kana kwamba bado anavitumia vyote viwili.

Iwapo miezi sita itapita na nyumba haijatengenezwa, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Muda huo humpa mwenye nyumba nafasi ya kutafuta fedha na mafundi, na humwondolea mpangaji mashaka ya kufungwa na nyumba isiyokuwapo.

Ugumu unatokana na desturi ya kulipa kodi kwa mkupuo. Chukulia mpangaji aliyelipa sh 360,000 kwa miezi sita, yaani sh 60,000 kwa mwezi. Mafuriko yakiibomoa nyumba baada ya miezi miwili, amekwisha kutumia sh 120,000, na sh 240,000 zilizobaki ni za miezi ambayo hakuna nyumba ya kuishi.

Kwa kuwa kodi ya kipindi hicho imesimama, mpangaji ana hoja ya kudai fedha hizo zirejeshwe, au zihesabiwe upya nyumba itakapokamilika. Mwenye nyumba anayesema kwamba kodi ikishalipwa hairudi anategemea mazoea kuliko sheria.

Vyombo vya ndani

Kodi ni jambo moja na mali ya mpangaji ni jambo jingine. Godoro, redio, nguo na magunia ya mahindi yaliyosombwa na maji si mzigo wa mwenye nyumba, isipokuwa pale inapothibitika kuwa uzembe wake ndio uliosababisha hasara hiyo.

Mfano ni mwenye nyumba aliyearifiwa kwamba ukuta una ufa na unainama, akanyamaza, kisha ukaanguka katika mvua ya kawaida. Huyo hawezi kujificha nyuma ya neno janga. Lakini mto ukivunja kingo na kuzoa mtaa mzima, ni vigumu kumtwika yeye lawama.

Bima nayo hufuata mgawanyo huo huo. Bima aliyokata mwenye nyumba hulinda jengo, wala haigusi vyombo vya mpangaji, ambaye hulazimika kukata ya kwake. Ni vyema pia kuusoma mkataba wa bima kabla ya kusaini, kwani si kila bima ya moto hubeba hasara ya mafuriko.

Mkataba wa mdomo

Katika maeneo kama Mamboya, mapatano mengi ya pango hufanywa kwa mdomo mbele ya jirani au balozi. Pango la muda mfupi, lisilozidi mwaka mmoja, linaweza kufanywa kwa mdomo na likawa halali. Kasoro yake hujitokeza siku ya mgogoro, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ushahidi anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha.

Kwa sababu hiyo, stakabadhi ya kodi, picha za nyumba siku ya kuingia na baada ya maafa, na taarifa ya maandishi kwa mwenye nyumba ni silaha za mpangaji. Kwa mwenye nyumba, karatasi hizo hizo humkinga dhidi ya mpangaji anayetaka kusingizia mvua kwa dirisha alilolivunja mwenyewe.

Mpangaji anayetaka kufanya matengenezo kwa fedha zake ili zikatwe katika kodi anashauriwa apate kwanza makubaliano ya maandishi. Bila hivyo, anaweza kuambiwa kwamba alijitolea.

Pa kupeleka shauri

Nyumba zilizo katika ardhi ya kijiji zinahusika pia na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, nayo ya mwaka 1999. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kijiji huwa na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

Juu yake lipo Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali husuluhisha tu. Likishindwa, hutoa uthibitisho na shauri huweza kupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Njia hiyo ni ndefu kwa mtu aliyepoteza makazi. Ndiyo maana sentensi mbili tatu zinazoeleza kodi itakuwaje nyumba ikiharibika zinafaa kuandikwa siku ya kukabidhiana ufunguo, wakati pande zote mbili bado zinaelewana.