Ukivuka kilele kwa baiskeli, angalia utakapolala

Julai ni msimu wa Megavalanche, mashindano ya baiskeli za milimani nchini Ufaransa. Mamia ya washindani hupandishwa kwa vigari vya kamba hadi Pic Blanc, kilele cha mita 3,330 juu ya mji wa Alpe d'Huez, kisha huteremka kupitia theluji, mawe na msitu hadi kijiji cha Allemond, mita 2,600 chini.

Wengi hudhani hewa ya kileleni ina uhaba wa oksijeni. Sivyo. Ni asilimia 21 ileile ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa: Pic Blanc ni theluthi mbili hivi ya ile ya pwani, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ni nusu tu. Kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mwili hujibu papo hapo kwa kuhema na kuongeza mapigo ya moyo. Ndiyo maana kilima kifupi tu kinatosha kukukata pumzi. Marekebisho makubwa, yakiwemo ya figo kutoa bikaboneti kwa njia ya mkojo ili upumue zaidi, huchukua siku kadhaa.

Ugonjwa wa mwinuko, yaani maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, huwapata watu juu ya mita 2,500, kwa kawaida baada ya saa 6 hadi 12. Hivyo anayevuka kilele asubuhi na kula chakula cha mchana bondeni huwa salama kuliko anayelala kibandani huko juu. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Kichwa kikiuma, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hata umekaa, teremka mara moja, usingoje kukuche: huenda maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba.

Mteremko nao una hatari yake. Jasho la kupanda hukutana na upepo, vidole hufa ganzi na kuchelewa kubana breki. Vaa glavu na koti la upepo kabla ya kuondoka kileleni. Bana breki na kuachia, kwani zikibanwa mfululizo hupata moto na kulegea.

Basi unapopanga njia, chagua kwanza kitanda, halafu kilele.