"Been" na "Gone": Hali Timilifu ya Kitenzi cha Kiingereza "Be" Katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Kiingereza ni lugha ya tatu kwa wanafunzi walio wengi. Mtoto huanza na lugha ya nyumbani, nayo huwa ni Kikuria upande wa Tarime, na Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye au Kikuria upande wa Serengeti. Aingiapo shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo hujifunza maana ya maneno ya Kiingereza kwa njia ya Kiswahili, na kwa sababu hiyo kitenzi "be", ambacho hutumika kuliko vitenzi vingine vyote vya lugha hiyo, humtatiza zaidi kiwapo katika hali timilifu. Hudhani kwamba "has been" ni sawasawa na "amekuwa". Si hivyo.

Yafaa kuanza na kiambishi -me-. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikwisha kuonyesha kwamba -me- hutaja tendo lililotimia pamoja na hali iliyotokana nalo. "Amelala" ni mtu aliye usingizini sasa. "Amevaa kanzu" ni mtu ambaye kanzu i mwilini mwake. Macho ya msemaji yako penye matokeo. Hali timilifu ya Kiingereza ina kazi zaidi ya hiyo. Comrie, katika kitabu chake cha 1976 juu ya hali za vitenzi, alizigawa kazi hizo katika mafungu manne: matokeo yanayodumu, jambo lililopata kumtokea mtu, hali iliyoanza zamani na ingaliko, na jambo lililotokea punde. Ugumu wa "been" watokana na mafungu ya pili na ya tatu.

Matumizi ya kwanza ni ya safari. Tazama sentensi hizi mbili:

"Chacha has gone to Sirari."
"Chacha has been to Sirari."

Ya kwanza yasema kwamba Chacha hayupo hapa: yuko Sirari, au yu njiani. Ya pili yasema kwamba alikwenda, akarudi. Hapa "been" imeazimwa kufanya kazi ya kitenzi cha kwenda, na yaweza kufuatwa na "to" ya mwendo katika nyakati timilifu peke yake. Mwingereza hasemi "Chacha was to Sirari" kwa maana ya kwamba alikwenda huko. Hii ndiyo sababu mtu aliyesimama mbele ya darasa hawezi kusema "I have gone to Sirari", maana kuwapo kwake kwakanusha maneno yake. Ni kweli kwamba penye hesabu ya mara, Wamarekani wengi husema "I have gone there twice". Lakini katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho msingi wa mafunzo ya shule, "been" ndiyo iliyozoeleka.

Kiswahili hakina vitenzi viwili kwa jambo hili. "Chacha amekwenda Sirari", bila nyongeza, humaanisha kwamba hayupo. "Chacha amekwenda Sirari mara tatu" humaanisha kwamba alikwenda na kurudi, na huenda msikilizaji amemwona asubuhi ile ile. Umbo la kitenzi ni lile lile. Hesabu ndiyo iliyogeuza maana. Msemaji atakaye kuondoa shaka husema "amepata kwenda" au "aliwahi kwenda". Kadhalika katika kukanusha: "hajakwenda" ni mtu anayetazamiwa kwenda, ila bado, "hajapata kwenda" ni mtu asiyekwenda huko maishani mwake.

Matumizi ya pili ni ya hali ya mtu. "Robi amekuwa mwalimu" maana yake ni kwamba hapo kwanza hakuwa mwalimu, na sasa ni mwalimu. Mwingereza angesema "has become". Lakini "Robi has been a teacher for ten years" ni "Robi ni mwalimu, huu ni mwaka wake wa kumi". Tena ikiondolewa miaka, "Robi has been a teacher" huelekea kuwa "Robi alipata kuwa mwalimu", hata kama sasa analima mahindi. Hakuna hata moja kati ya hizi mbili inayotafsirika vema kwa "amekuwa" tupu.

Matumizi ya tatu ni ya tendo liendeleapo: "Robi has been teaching since morning", yaani "Robi amekuwa akifundisha tangu asubuhi". Hapa ndipo "been" na "amekuwa" zinapokutana, kwa kuwa -ki- katika kitenzi kinachofuata ndiyo ichukuayo maana ya kuendelea. Mwanafunzi hushika ulinganifu huu mmoja, kisha huueneza mahali pote.

Jambo hili si la mitihani tu. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa kawaida ushahidi katika mahakama za wilaya na za juu uliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi wa Tarime aliweza kusema kwa Kikuria, mkalimani akatafsiri kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Chukua mfano wa shahidi ambaye maneno yake yamefika kwa Kiswahili hivi: "Siku ile Chacha alikuwa amekwenda Sirari." Ikiandikwa "had gone", Chacha hakuwapo kijijini. Ikiandikwa "had been", alikwisha kurudi, na aweza kuulizwa alikuwa wapi usiku ule. Kalamu imeamua jambo ambalo huenda shahidi hakulisema, na asomaye jalada hilo baadaye hana sauti ya shahidi ya kurejea.

Nayo sauti ina uzito wake. Katika Kikuria, shina la kitenzi halina toni yake lenyewe. Wakati wa kitenzi ndio uamuao kama toni ya juu itaanzia mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Mtoto wa Kikuria, basi, amezoea tangu utotoni kupambanua nyakati kwa uangalifu mkubwa. Hakosi akili ya kutenganisha "been" na "gone". Amekosa tu kuonyeshwa mahali zinapoachana.

Mwalimu na mkalimani wana swali moja la kujiuliza kabla ya kuchagua neno: mtu huyu yuko wapi, au yu katika hali gani, wakati unaotajwa? Akiwa hajarudi, ni "gone". Akiwa amerudi, ni "been". Akiwa ameingia katika hali mpya, ni "become". Na kama maneno ya Kiswahili hayajibu swali hilo, aulizwe aliyeyasema.